Silabi, Hati na Mtoto wa Goma: Tahakiki ya Ufundishaji wa Kusoma kwa Kulinganisha na Kana ya Kijapani

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya ufundishaji wa Kiswahili imezoeleka kudai kwamba lugha hii husomwa kama inavyoandikwa, na kwamba kwa sababu hiyo mtoto hana kazi kubwa mbele ya kitabu chake cha kwanza. Dai hili lina ukweli ndani yake, lakini limerudiwa mara nyingi mno hata likageuka kuwa kisingizio cha kutochunguza. Makala haya yanalihakiki dai hilo kwa kumtazama mtoto anayeanza kusoma mjini Goma, makao makuu ya Jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huu ni mji ambamo Kiswahili ni lugha ya soko, ya mtaa na ya nyumba nyingi. Ila Kiswahili hicho sicho kile kinachochapwa vitabuni.

Ili uhakiki huu usiwe wa kulalamika tu, tutatumia kioo cha mbali kidogo, nacho ni hati za kana ambazo kwazo watoto wa Japani hufundishwa kusoma na kuandika. Uchaguzi huu si wa kubahatisha. Kijapani na Kiswahili ni lugha zisizo na undugu wowote wa nasaba, lakini zinafanana sana kwa umbo la silabi: kila moja ina irabu tano, na kila moja hupenda silabi inayoishia kwa irabu. Kwa hiyo tunaweza kuuliza swali la haki: ikiwa sauti zinafanana kiasi hicho, mbona njia ya mtoto kuelekea kwenye kusoma inatofautiana kiasi hicho?

Hoja yetu ni kwamba kinachomkwamisha mtoto wa Goma si herufi, wala si silabi za lugha yake. Ni ukosefu wa madaraja mawili: moja kati ya Kiswahili anachokisema na Kiswahili anachokisoma, na jingine kati ya Kiswahili anachokisoma na Kifaransa kinachomngojea mbele. Wajapani nao walikuwa na mito miwili ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba wao walikubali kwamba mito ipo, wakajenga.

2.0 Kana kwa Muhtasari

Mwandiko wa Kijapani hutumia hati tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni kanji, yaani alama zilizotoka Uchina ambazo kwa kawaida kila moja hubeba maana. Ya pili na ya tatu ni hiragana na katakana, ambazo kwa pamoja huitwa kana. Kila kana ina alama 46 za msingi, na karibu kila alama husimamia silabi nzima. Alama ya ka haikatiki ikatoa k na a. Ni kitu kimoja kwa jicho kama ilivyo kitu kimoja kwa sikio la mtoto.

Hiragana ilitokana na kanji zilizoandikwa kwa mkono wa haraka, na katakana ikatokana na vipande vya kanji. Zote mbili zilikuwa zimeanza kujitokeza katika karne ya 9. Kwa muda mrefu hiragana ilihusishwa na wanawake, kwa kuwa wasomi wanaume walijivunia mwandiko wa Kichina. Hata hivyo, ni kwa hati hiyo iliyodharauliwa ambapo Murasaki Shikibu aliandika Genji Monogatari mwanzoni mwa karne ya 11, kazi ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa nguzo za fasihi ya Japani. Jambo hili tulikumbuke tutakapofika kwenye Kiswahili kinachodharauliwa.

Alama za kana hupangwa katika jedwali: irabu tano upande mmoja, konsonanti upande wa pili. Mpangilio huo uliathiriwa na elimu ya sauti ya Kihindi iliyofika Japani pamoja na dini ya Kibudha. Yeyote aliyepita darasa la kwanza katika nchi zetu atalitambua jedwali hilo mara moja, kwani ni ngazi ileile ya ba, be, bi, bo, bu, isipokuwa Mjapani hupanga irabu kwa utaratibu wa a, i, u, e, o. Aidha, kana ina hekima moja ambayo herufi za Kirumi hazina. Alama ya ka ikiongezwa vistari viwili vidogo huwa ga. Sa huwa za. Ta huwa da. Yaani sauti sighuna na mwenzake ghuna huonekana kuwa ndugu. Katika herufi za Kirumi, k na g hazifanani hata kidogo, na hakuna kinachomdokezea mtoto kwamba mdomo wake unafanya kazi karibu ileile.

Kuhusu utaratibu wa kufundisha, mambo mawili ya kihistoria yanafaa kutajwa. Kwanza, hadi mwaka 1900 silabi moja iliweza kuandikwa kwa alama kadhaa tofauti za hiragana. Mwaka huo serikali iliamua kwamba shuleni kila silabi iwe na alama moja tu. Usanifishaji huo ulifanywa kwa ajili ya mtoto wa shule ya msingi. Pili, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vitabu vya kwanza vilianza kwa katakana. Tangu mwaka 1947 huanza kwa hiragana. Mageuzi hayo hayakuleta maafa, kwa sababu hati zote mbili zilisimamia sauti zilezile ambazo mtoto alikwisha kuwa nazo kinywani. Hapa pana fundisho la kwanza: umbo la alama huweza kubadilishwa bila hasara kubwa, kisichobadilika bila hasara ni uhusiano kati ya alama na kinywa cha mtoto.

3.0 Silabi ya Kiswahili na Silabi ya Goma

Wanafonolojia wameeleza kwamba muundo wa msingi wa silabi ya Kiswahili ni konsonanti na irabu, na kwamba silabi za asili za Kiswahili huwa wazi, isipokuwa nazali inapobeba silabi peke yake, kama katika m-tu, n-chi na m-bwa. Kijapani nacho kina nazali inayosimama peke yake, na kina alama yake katika kana. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba Kiswahili kingeweza kuandikwa kwa kana bila shida kubwa. Jina la mji wa Goma, kwa mfano, huandikwa kwa alama mbili tu, go na ma, na kwa masikio ya Mjapani jina hilo ni neno la kwao linalotaja ufuta.

Tuendelee na jaribio hilo, maana linafichua jambo ambalo halikutarajiwa. Mjapani anapoandika neno la Kiswahili sanifu mtoto kwa katakana, hulazimika kuandika mu-to-to. Nazali yake inayosimama peke yake haiwezi kuanza neno, kwa hiyo huazima alama ya mu. Sasa mtoto wa Goma, ambaye hajapata kuona kana maishani mwake, husema vivyo hivyo: mutoto. Husema pia mutu, muti na mukubwa. Kile ambacho mwalimu wa Kiswahili sanifu hukiita kosa ndicho kinachofanya silabi za Goma ziwe wazi kuliko zile za kitabuni. Kwa maneno mengine, kama kuna Kiswahili ambacho kweli kingesomwa silabi kwa silabi bila kikwazo, ni kile cha Goma zaidi ya kile cha Unguja.

Tofauti nyingine zinajulikana na hatuna haja ya kuzieleza kwa urefu. Msemaji wa Goma husema batoto mahali pa watoto, na bintu mahali pa vitu. Hutumia viambishi ka- na tu- kwa udogo, kama katika katoto na tutoto. Sauti za dh na th, ambazo Kiswahili sanifu kilizipokea kutoka Kiarabu, kwake huwa z na s, hivyo dhambi huwa zambi. Kwa baadhi ya wasemaji l na r hubadilishana, jambo ambalo halingemshangaza Mjapani, kwani kana ina safu moja tu kwa sauti hizo mbili. Tofauti hizi zina mfumo wake, na mfumo huo umeshaandikwa na wataalamu. Miongoni mwa wa mwanzo kuuandika kwa makini alikuwa mwanaisimu wa Kijapani, Kaji Shigeki, aliyechapisha mjini Tokyo mwaka 1985 mkusanyiko wa sentensi 2,000 za Kiswahili "kama kinavyosemwa Zaire", na mwaka 1986 kamusi ya Kitembo, lugha ya Kivu, ambamo Kiswahili cha Zaire kilipangwa sambamba na Kijapani na Kifaransa. Mwaka 1992 aliongeza msamiati wa Kihunde, lugha ya Masisi, jirani na Goma. Msomaji azingatie hali hii ya ajabu: Kiswahili cha Kivu kilipata kiti cha heshima kando ya Kijapani katika kitabu kilichochapwa Tokyo, wakati katika madarasa mengi ya nyumbani kilikuwa kikisahihishwa kwa wino mwekundu.

4.0 Tahakiki ya Mbinu Zilizozoeleka

Kabla ya kufika kwenye suala la tahajia, hapana budi kuzipima mbinu tatu ambazo hutumika, moja moja au kwa kuchanganywa, katika kumfundisha mtoto kusoma.

Mbinu ya kwanza ni ya kutaja majina ya herufi. Katika mazingira ya Kongo majina hayo huwa ni ya Kifaransa. Mtoto hufundishwa bé, a, kisha huambiwa kwamba jumla yake ni ba. Lakini bé na a hazifanyi ba ila kwa yule anayejua tayari. Ubaya wa mbinu hii huzidi kwenye herufi u, ambayo jina lake la Kifaransa lina sauti isiyopatikana kabisa katika Kiswahili. Mtoto anayeitwa asome kuku huanza kwa kuitamka herufi kwa sauti ya kigeni, kisha huiacha sauti hiyo ili apate neno la kwao. Kana haina mtego huu, kwa kuwa jina la alama ni sauti yake. Ka huitwa ka. Mwalimu wa Goma anaweza kupata faida hiyohiyo bila kubadili hati, kwa kuanza na silabi na kuyaahirisha majina ya herufi.

Mbinu ya pili ni ya kuimba ngazi ya silabi: ba, be, bi, bo, bu. Tumeshaisifu ngazi yenyewe. Tunachokihakiki ni uimbaji wake. Darasa zima linaweza kuimba ngazi kumi bila mtoto hata mmoja kusoma, kwa maana wimbo hukaririwa kwa sikio na ubao hubaki pambo. Vitabu vya awali vya Kijapani huambatanisha kila alama na neno na picha, na michezo ya karata zenye alama humlazimisha mtoto kuitafuta alama kwa jicho kabla mwenzake hajaichukua. Aidha, upo mchezo unaoitwa shiritori, ambao hauhitaji karatasi wala kalamu: silabi ya mwisho ya neno huwa ya kwanza ya neno linalofuata, na anayemaliza kwa nazali hushindwa, kwa kuwa hakuna neno la kawaida la Kijapani linaloanza kwa nazali hiyo. Katika Kiswahili mchezo huo huenda vizuri zaidi: meza, zabibu, busara, rafiki, kitabu, na kadhalika. Wala tusidhani kwamba ni jambo geni kwetu. Watoto wa pwani wamecheza kinyume tangu zamani, wakigeuza nyumba kuwa mbanyu, na hakuna aliyewafundisha silabi kwanza. Silabi wanazo, kazi ya shule ni kuwaonyesha kwamba alama ubaoni ndizo zilezile wanazochezea.

Mbinu ya tatu ni ya kulitambua neno zima kwa umbo lake. Mbinu hii ilitetewa sana katika nchi zinazotumia Kiingereza, ambako tahajia ina vurugu na maneno mengi ya mtoto ni mafupi. Kuihamishia kwenye Kiswahili ni kutotazama jinsi kitenzi chetu kilivyojengwa. Anakupenda, anatupenda, hawatupendi na wangetupenda ni maumbo manne ya kitenzi kimoja, na yapo mengine mengi mno. Mtoto hawezi kuyakariri yote kama picha. Akijua silabi, atasoma hata umbo ambalo hajawahi kuliona. Katika suala hili tunaona kwamba lugha ambishi-bainishi kama Kiswahili haina budi kufundishwa kwa silabi, na mwenye kupinga ana jukumu la kutuonyesha njia nyingine inayoweza kumudu urefu wa vitenzi vyetu.

5.0 Mtu au Mutu: Daraja la Kwanza

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Mtoto wa Goma ameshajua silabi, naye anakutana na neno mtu. Anasoma mutu. Je, amekosea?

Wapo wanaojibu kwamba amekosea, na kwamba kazi ya shule ni kumwondolea lafudhi ya mtaa tangu siku ya kwanza. Hoja yao si ya kupuuzwa. Kiswahili sanifu kina vitabu, magazeti na kamusi. Ndicho kinachomuunganisha mtoto na Dodoma, Nairobi na Zanzibar. Na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 haja hiyo imezidi. Hata hivyo, wanaoshika msimamo huu husahau jinsi usanifu wenyewe ulivyopatikana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihudumia makoloni ya Waingereza: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwa mezani. Kumwadhibu mtoto wa Goma kwa kutosema kama Unguja ni kumhukumu kwa sheria ambayo wazee wake hawakushirikishwa kuitunga.

Upande wa pili wapo wanaosema vitabu vya Goma viandikwe kama watu wa Goma wanavyosema: mutu, batoto, bintu. Hoja hii ina huruma na ina mantiki ya kifonolojia. Lakini ikifuatwa hadi mwisho itamfungia mtoto ndani ya mji wake. Bukavu watataka tahajia yao, Lubumbashi yao, na kitabu kilichochapwa kwa ajili ya mmoja hakitamfaa mwingine. Nchi yenye uhaba wa vitabu haiwezi kujiruhusu anasa ya tahajia nne.

Wajapani walikutana na mgogoro unaofanana. Tahajia ya kana ilikuwa imebaki nyuma ya matamshi kwa karne nyingi, na mwaka 1946 serikali iliitengeneza upya ili ifuate usemi wa siku hizo. Lakini haikuwa mageuzi ya ukamilifu. Vipashio vitatu vya kisarufi viliachwa na mwandiko wake wa zamani, na hadi leo alama ya ha husomwa wa, alama ya he husomwa e, na alama ya wo husomwa o, pale zinapofanya kazi hiyo ya kisarufi. Mtoto wa miaka sita huambiwa tu kwamba hapa tunaandika hivi na tunasoma vile. Hakuna anayemwambia kwamba kinywa chake kina kasoro.

Hili ndilo daraja tunalolipendekeza. Tahajia ibaki moja, ile ya sanifu, kwa sababu za umoja tulizozitaja. Lakini usomaji uwe huru. Mwalimu aseme wazi: tunaandika mtu, na sisi wa Goma tunasoma mutu. Mtoto anayeona mtu na kutamka mutu amesoma sawasawa, kwa kuwa ameitambua alama na kulipata neno. Katika imla, akiandika mutu, aonyeshwe tahajia bila kuhesabiwa kama aliyeshindwa kusikia. Kuhusu watoto na batoto, ambako tofauti ni ya kiambishi wala si ya matamshi tu, mwalimu ayaweke maumbo yote mawili ubaoni, moja la mazungumzo na moja la kitabu, na mtoto ajifunze kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na nguo mbili bila mojawapo kuwa chafu. Na miezi ya mwanzo ijengwe juu ya maneno ambayo Kiswahili hizo mbili hazigombani: baba, mama, kuku, meza, moto, sabuni, samaki. Ni baada ya mtoto kuwa na uhakika wa kusoma ndipo aletewe mto wa kuvuka.

6.0 Kifaransa na Furigana: Daraja la Pili

Daraja la pili ni gumu zaidi, na hapa ndipo watoto wengi hupotelea. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiciluba kuwa lugha za taifa. Wazo la kuanza shule kwa lugha za taifa si jipya. Lilitetewa na wanaisimu wa Zaire katika kongamano lao la Lubumbashi la mwaka 1974, na likapewa nafasi tena katika sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014. Mradi wa ACCELERE!, uliogharimiwa na Marekani na Uingereza kati ya mwaka 2015 na 2020, ulitayarisha vitabu vya kusomea katika Kiciluba, Kilingala na Kiswahili kwa madarasa ya mwanzo. Kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba mtoto wa Goma hana haki ya kuanza kwa Kiswahili. Haki anayo, swali ni jinsi anavyonyang'anywa baadaye.

Tatizo ni kwamba herufi zilezile, zikifika kwenye Kifaransa, hubadili kazi. Sauti u ya kuku sasa huandikwa ou. Herufi u hupewa sauti nyingine. Ch iliyokuwa ya chai huwa kama sh. J ya jiwe hulainika. E ya mwisho hunyamaza. Mtoto ambaye ametumia miaka miwili kujifunza kuiamini alama huambiwa, bila maelezo, kwamba alama ile haiaminiki. Mkanganyiko huu unaonekana hata mitaani. Kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho wakazi wa Goma hubebea viazi na makaa, na ambacho mji umekijengea sanamu, huandikwa chukudu, tshukudu au tchukudu, kutegemea kama mwandishi amefuata Kiswahili au amefuata sikio la Kifaransa. Neno ni moja, silabi ni tatu zilizo wazi, na kila tahajia ni ushahidi wa shule aliyopita mwandishi.

Mtoto wa Japani naye ana mto mpana mbele yake. Baada ya kana humngojea kanji: 80 katika darasa la kwanza, na jumla ya 1,026 hadi mwisho wa shule ya msingi. Zingekuwa ukuta lau si ufundi mmoja unaoitwa furigana. Pale kanji inapokuwa ngeni kwa msomaji, kana ndogo huchapwa kando au juu yake kuonyesha inavyosomwa. Vitabu na magazeti ya watoto hujaa alama hizo. Kana haikuondolewa kanji ilipoingia. Ilibaki kando yake kama mkono wa mzazi nyuma ya mtoto anayejifunza kutembea, na huondolewa kidogo kidogo, neno baada ya neno, kadiri mtoto anavyozoea.

Katika shule zetu mkono huo huondolewa siku moja. Kiswahili hutumika kama ngazi ya kupandia, kisha ngazi huangushwa. Tunaona kwamba wazo la furigana linaweza kuhamishwa hata pasipo alama za Kijapani. Kitabu cha Kifaransa cha mwaka wa tatu na wa nne kingeweza kuwa na mstari mdogo wa Kiswahili chini ya maneno mapya, ukitoa maana yake, na pale tahajia inapodanganya, matamshi yake kwa silabi za Kiswahili. Mstari huo upungue ukurasa hadi ukurasa. Aidha, somo moja la wazi litolewe kuhusu herufi zinazobadili kazi, ili mtoto ajue kwamba ni lugha mbili zinazotumia sanduku moja la zana, si kwamba alichojifunza kilikuwa uongo.

7.0 Mipaka ya Ulinganisho

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja mipaka yake. Kwanza, hatudai kwamba kana ni hati bora kuliko herufi za Kirumi. Alama 92 za hiragana na katakana ni nyingi kuliko herufi 24 za Kiswahili, na zina mitego yake: sa na chi za hiragana hufanana kama mtu na kivuli chake kiooni, sawa na b na d kwetu. Tukijaribu kuandika chukudu kwa katakana tutakwama, kwa kuwa chu hutaka alama mbili zilizounganishwa, na du haimo katika jedwali la asili, hivyo hutafutiwa njia ya kuunganisha pia. Pwani yetu yenyewe ina kumbukumbu ya hati nyingine, ya Kiarabu, iliyobeba tenzi kwa karne kadhaa ingawa kwa desturi haikutenganisha e na i wala o na u. Kila hati hutoa kitu na kunyima kitu.

Pili, mafanikio ya Japani hayatokani na hati peke yake. Watoto wengi huko hufika shuleni wakizijua hiragana, kwa kuwa nyumbani mna vitabu na barabarani mna maandishi ya lugha yao. Goma ina historia nyingine. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwezi Januari 2002, na volkano ikalipuka tena Mei 2021. Masomo ya msingi yalitangazwa kuwa bure mwaka 2019, na madarasa yakafurika. Vita viliwarundika maelfu ya watoto katika kambi za pembezoni kama Bulengo na Kanyaruchinya, na tarehe 27 Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23. Hakuna mbinu ya kusoma itakayochukua nafasi ya amani.

Hata hivyo, ni katika hali hiyohiyo ambapo silabi ina thamani yake kubwa: inabebeka. Uchunguzi maarufu wa Scribner na Cole, uliochapishwa mwaka 1981, ulionyesha kwamba hati ya Wavai wa Liberia, ambayo pia ni ya silabi na ilibuniwa katika miaka ya 1830, hufundishwa nje ya shule kabisa, rafiki kwa rafiki na ndugu kwa ndugu. Kongo yenyewe ina hati ya Mandombe, iliyobuniwa na Wabeladio Payi mwaka 1978 na kuenezwa na Kanisa la Kimbangu, ambayo nayo huunda silabi kwa kuunganisha alama. Mifano hii haituambii tubadili hati. Inatuambia kwamba shule inapofungwa, dada wa miaka kumi anaweza kumfundisha mdogo wake ngazi ya silabi kwa kijiti na vumbi, ikiwa yeye mwenyewe alifundishwa kwamba silabi ni sauti ya kinywa chake. Hawezi kumfundisha mfumo ambao uliwahi kumwambia kwamba kinywa chake kinakosea.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usemi wa "Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa" ni kweli kwa sharti moja: tujue ni Kiswahili cha nani. Kwa mtoto wa Goma silabi ni njia fupi na salama, pengine salama kuliko kwa mwenzake wa pwani; lakini njia hiyo hukatwa mara ya kwanza anapoambiwa kwamba mutu ni kosa, na mara ya pili anaposukumwa kwenye Kifaransa mikono mitupu. Kana ya Kijapani haikutupa hati mpya. Imetukumbusha mambo matatu: alama iitwe kwa sauti yake, tahajia moja inaweza kusomwa kwa vinywa vingi, na msaada uondolewe kidogo kidogo, si kwa siku moja.

Haya si mambo yanayohitaji fedha nyingi. Yanahitaji kwanza walimu wanaoandaliwa katika vyuo vya ualimu, cha Goma kikiwemo, wasome sarufi ya Kiswahili cha Kivu kama somo la heshima, bega kwa bega na sarufi ya sanifu. Idara zetu za Kiswahili, huko Kongo na huku Afrika Mashariki, zina deni hapa. Kwa miaka mingi tumeandika juu ya Kiswahili cha Kongo kama umbali kutoka kwenye kiini. Umefika wakati wa kukiandika kama mahali ambapo mtoto anasimama anapofungua kitabu.